Kesi Haiingii Chumbani

Wiki chache zilizopita tulimzika Bi Mwanaidi, somo yangu, hapa Bagamoyo. Nilifika msibani mapema, nikavua viatu mlangoni, nikapewa kisu na beseni la vitunguu kama mwanamke mwingine yeyote, kwa sababu msibani hakuna mstaafu wala mhasibu; kuna mwenye kisu na asiye na kisu. Tulikuwa wengi uani, tukimenya na kuzungumza kwa sauti za chini, na mmoja wa wajukuu wa marehemu alikuwa akilalamika kwamba ana mtihani wa leseni ya uuguzi, ana mume, ana zamu za hospitali, wala hajui ashike kipi aache kipi. Mwanamke aliyekaa karibu naye akanielekezea ncha ya kisu. "Muulize Bi Tunu huyo. Yeye alisoma akiwa na mume, akiwa na kazi, na akafaulu." Binti akanigeukia na macho yenye machozi ya vitunguu akaniuliza nilifanyaje. Nikampa jibu ninalowapa vijana wote wanaokuja ofisini kwangu kujiandaa na mitihani ya bodi ya uhasibu: soma kidogo kila siku badala ya kusoma sana siku moja, usiupige vita usingizi, jifunze kwa kumfundisha mtu mwingine, na mweleze mwenzako wa nyumbani kila unachokipitia. Ni jibu zuri. Huwa wanaondoka wamechangamka, na wengi wao hufaulu. Ila hilo la mwisho, la kumweleza mwenzako, silitoi kwenye mafanikio yangu. Nalitoa kwenye mwaka mmoja wa ujana wangu ambao hadi leo nikiukumbuka kinywa kinakuwa kichungu, na ambao sikuuelewa sawasawa mpaka siku ile ile ya vitunguu, saa chache baadaye.

Kwa msomaji asiye wa pwani, nieleze kwanza somo ni nani. Msichana anapovunja ungo hukabidhiwa kwa mwanamke mzima asiye mama yake, amfunde: usafi, adabu, namna ya kuishi na mume. Mwanamke huyo ndiye somo yake, naye msichana ni mwali wake. Kazi ya somo haiishi siku ya harusi. Yeye ndiye anayempeleka mwali kwa mumewe, na kuanzia hapo yeye ndiye mlango wa ile ndoa. Mume akiwa na lalamiko hamwambii mkewe, humwambia somo. Mke akiwa na ombi zito haliombi mwenyewe, humtuma somo. Wazee walikuwa na sababu yao, na ni sababu ya busara: maneno makali yakipita kwa mtu wa tatu hufika yamepoa. Kanuni ya kwanza aliyonifundisha Bi Mwanaidi, akinisugua mgongo kwa liwa, ilikuwa kwamba kesi haiingii chumbani. "Chumbani mnaingia wawili," alisema, "mkiingia na kesi mnakuwa watatu." Mume wangu Shomari naye alilelewa na kanuni hiyo hiyo upande wa wanaume. Tulikuwa watoto wawili wenye adabu nzuri mno.

Tuliishi kwa mama yake, Bi Tatu, katika nyumba ya mawe ya mji mkongwe, yenye kuta nene kiasi kwamba mtu aliweza kukohoa ukumbini na wa chumbani asisikie; lakini uani, ambako ndiko yalikosemwa maneno, kila kitu kilisikika. Nyuma ya jiko palikuwa na stoo ya nazi na mkaa. Hapo ndipo niliposomea. Shomari ndiye aliyenitengenezea. Alikuwa akisimamia duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake huko Mapinga, ambako watu wa Dar walikuwa wameanza kununua viwanja na kujenga, na Jumapili moja alirudi na mbao, akanipigilia meza ukutani, akavuta waya na kuning'iniza balbu. Alipomaliza aliitingisha ile meza kwa mikono miwili kuona kama imeshika, akasema, "Hii hata ukiilalia haianguki," akaenda kuoga. Naieleza meza hiyo kwa sababu baadaye, nilipokuwa nikihesabu ushahidi dhidi yake, niliisahau.

Asubuhi nilikuwa nikiamka na adhana, nikasali, nikapika chai ya mdalasini na mihogo ya nazi au vitumbua, nikafagia uwanja, nikaondoka kwenda kazini. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye kiwanda cha chumvi kaskazini ya mji. Ofisi yetu ilitazama majaruba ya chumvi, meupe hadi macho yanauma, na chumvi ile ilikula kila kitu: pini za karatasi ziliota kutu kabla hazijatumika, vitufe vya kikokotoo viliganda ukalazimika kuvibonyeza kwa kitako cha kalamu, na midomo yetu ilipasuka kama ya wasafiri wa jangwani. Mchana tulikula ugali na dagaa wa nazi kwenye benchi moja na wachotaji wa chumvi, na mimi nilikuwa nikila kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kitabu. Wachotaji walinitania. "Dada Tunu, soma kwa sauti, na sisi tufaulu." Basi nikawa nasoma kwa sauti, nikiwafafanulia, na siku zile za benchi ndizo zilizonifundisha kwamba kitu usichoweza kumweleza mtu anayekula dagaa bado hujakielewa.

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwangu. Nilikuwa nimefaulu pepa zote za ngazi ya juu isipokuwa moja, ya ukaguzi wa hesabu, niliyoifeli mara ya kwanza. Kanuni ya wakati ule ilikuwa kwamba usipomaliza ngazi ndani ya muda wake, hata zile ulizofaulu zinafutwa, unaanza upya. Na muda wangu ulikuwa unaishia kwenye mtihani uliofuata. Tena mhasibu mkuu wa kiwanda alikuwa anastaafu. Meneja aliniita akanieleza bila kuzunguka: anayetia saini hesabu za mwaka ni lazima awe amesajiliwa na bodi, nikifaulu, kile kiti ni changu, nisipofaulu, ataletwa mtu kutoka Dar, nami nitabaki karani chini yake, pengine kwa maisha yangu yote. Kwa hiyo siku moja tu ya mtihani ndiyo iliyokuwa imebeba miaka yangu yote ya kusoma. Nilimwambia Shomari habari hiyo nikiwa nampakulia wali. Akasema, "Mungu atasaidia." Nikangoja aongeze kitu. Akaomba pilipili.

Bi Tatu hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke aliyemngoja mkwe kwa miaka mingi, na alipompata akamwona anaingia stoo na kujifungia na nazi. Uani, akipeta mchele na majirani zake, alikuwa akisema kwa sauti ya kutosha ukuta kusikia: "Mke wa mwanangu ana waume wawili. Mmoja wa nyama, mmoja wa karatasi. Na huyu wa karatasi ndiye anayelala naye zaidi." Wenzake wakicheka. Mmoja akiuliza, "Na mimba itakuwa ya yupi?" Bi Tatu akijibu, "Ya karatasi hiyo hiyo. Atazaa daftari." Nami ndani nakuna nazi juu ya mbuzi, kitabu kimeegemezwa kwenye chungu, nikirudia kimoyomoyo wajibu wa mkaguzi. Nilikuwa nikiicheka ile mizaha pia, mwanzoni. Mtu akikutania kwa akili hivyo, nusu ya uchungu inaondoka.

Kilichonivunja ni Bi Mwanaidi. Alianza kuja baada ya mfungo. Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyoweza kueleza. Alikuwa mnene, mweupe wa meno, ananukia asumini, na kila akija alileta sahani iliyofunikwa kawa. Tulikaa kwenye mkeka, tukala alichokileta, tukazungumza juu ya bei ya samaki na juu ya nani ameposwa, na sahani ikishakuwa tupu ndipo aliposema kilichomleta. Mara ya kwanza: "Mwali wangu, mumeo anakula peke yake. Mwanamume akila peke yake, chakula hakina chumvi, hata ukiwa unaifanyia kazi chumvi yenyewe." Nikaomba radhi. Nikaanza kula na Shomari kila jioni, nikasogeza kusoma mbele. Mara ya pili: vitabu vimeonekana chumbani, juu ya mto. Nikaviondoa. Mara ya tatu alinishika kidevu kama nilipokuwa msichana akasema, "Sasa umeolewa miaka miwili. Mumeo anaona wenzake wanabeba watoto kwenda msikitini." Hapo nililia, na yeye akalia nami, akanifuta kwa ncha ya ukaya wake.

Angalia jinsi mambo yalivyokuwa. Mimi na Shomari tulilala kitanda kimoja. Alinisimulia habari za wateja wake, mzee mmoja aliyejenga choo kabla ya nyumba, fundi aliyekimbia na misumari. Nilicheka, alinikanda miguu, ilikuwa ni ndoa yenye upole. Kisha siku ya pili Bi Mwanaidi anakuja na sahani, na ninagundua kwamba mtu huyu aliyenikanda miguu alikuwa na orodha moyoni. Nikaanza kumwogopa. Kila alipotabasamu nilijiuliza ni lalamiko gani limeshaondoka kwenda kwa somo yangu. Nikawa mkimya, na ukimya wangu, bila shaka, nao ukawa lalamiko. Sikuwahi kujiuliza kama mtu huyo aliwahi pia kutuma neno jema. Sasa najua namna njia ile ilivyofanya kazi. Ilijengwa kwa ajili ya kubeba malalamiko, kama mfereji uliochimbwa kwa ajili ya maji machafu. Hakuna aliyewahi kumvalisha somo buibui na kumtoa kwake jua kali ili akaseme, "Mumeo anakusifu." Neno jema lilidhaniwa halihitaji mchukuzi.

Tarehe ya mtihani ilipotoka, ilikuwa siku ya kuamkia harusi ya wifi yangu, mdogo wake Shomari. Kwa wasiojua: siku hiyo ndiyo ya vyungu. Bibi harusi anasingwa, wageni wa Pangani wanaingia, na mkwe wa nyumba ndiye anayesimama jikoni. Mimi nilikuwa mkwe pekee. Bi Tatu aliposikia alisema jambo moja tu, bila mzaha safari hii. "Harusi ya mwanangu ni moja. Mitihani ipo kila mwaka." Nilijaribu kumweleza kwa upole kwamba kwangu haipo kila mwaka, kwamba huu ukipita yote yanafutika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ruhusa si yangu. Ruhusa ya mumeo."

Nami sikwenda kwa mume wangu. Nilikwenda kwa Bi Mwanaidi, kwa sababu ndivyo lilivyoombwa jambo zito, na kulitamka mwenyewe kungekuwa kumkosea adabu. Nilimkuta akisuka ukili barazani. "Somo, niombee ruhusa," nikamwambia. "Siku moja tu. Nikitoka alfajiri, jioni niko jikoni." Aliuweka ukili chini. Akasema atakwenda mwenyewe mpaka Mapinga, si vizuri maneno kama hayo kusemwa nyumbani kwa mama mkwe. Na alikwenda. Najua kwa sababu alirejea kwetu mchana huo huo na mgongo wa buibui lake ulikuwa umejaa vumbi la saruji. Nilimpangusa.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Amenipa soda."

"Amesemaje?"

Bi Mwanaidi alikaa kwanza, akanyoosha miguu. "Mwali wangu, wewe unataka nini katika dunia hii?"

"Nataka kufanya mtihani, Somo."

"Na baada ya mtihani?"

"Nitakuwa mhasibu mkuu pale kiwandani."

"Na baada ya hapo?"

Akanishika mkono. "Nisikilize. Nimewafunda wasichana wengi, na ninajua nyumba inapopasuka inaanzia wapi. Niahidi kitu kimoja. Mtihani huu ukiisha, ufaulu usifaulu, unaacha kazi, unakaa, unamzalia mume wako. Niahidi hivyo, na mambo ya ruhusa niachie mimi."

"Kwani Shomari ndiye anayetaka hivyo?"

"Mimi ndiye ninayekuomba ahadi."

"Lakini yeye amesema nini?"

"Niahidi kwanza."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na somo yangu ndiye aliyenifundisha kutoahidi nisichoweza kutimiza. Nikamwambia siwezi. Nikamwambia kwa heshima, nikiwa nimepiga magoti, lakini nilimwambia. Akanyanyuka, akavaa viatu, akasema, "Basi mimi sina la kukuletea," akaondoka na vumbi lake lililobaki. Nilivyoelewa mimi, Shomari alikuwa amekataa, na somo yangu alikuwa akijitolea kumlainisha kwa malipo ya ile ahadi.

Siku zilizofuata Shomari alikuwa na namna fulani ya kunitazama. Nilipompa chai aliipokea polepole, kama anayengoja kitu kingine kije na kikombe. Usiku wa kuamkia mtihani tulikula mapema, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, wageni wamejaa ukumbini. Alinawa, akaniuliza, "Kila kitu tayari?" Nilidhani ananikumbusha jikoni. Nikamjibu, "Vyungu vimeshaoshwa." Akacheka kwa pumzi moja, kicheko kisicho na furaha, akatoka nje. Alfajiri nilipoamka hakuwepo kitandani. Nikajua amekimbia ili asinione nikimvunjia amri. Nilisali, nikavaa, nikapita kwenye ukumbi uliojaa wanawake wamelala, nikafungua komeo kama mwizi. Mwanamke wa pwani anayetoka nyumbani kwa mumewe bila ruhusa ana jina lake katika dini, mke muasi, na nililibeba jina hilo hadi Dar es Salaam.

Mtihani ulikuwa mzuri. Hilo nalo ni uchungu wake. Kulikuwa na swali juu ya mali iliyohifadhiwa kwa mtu mwingine. Nikupe mfano wa kiwandani kwetu: kampuni inasema ina magunia ya chumvi kwenye ghala la mfanyabiashara fulani. Mkaguzi afanye nini? Asiiamini kampuni, wala asimtume karani wa kampuni akaulize. Anamwandikia mwenye ghala yeye mwenyewe, na jibu linarudi kwake mwenyewe, lisipite mkononi mwa mtu mwenye haja na jambo lile, hata akiwa mtu mwaminifu kiasi gani. Kwa sababu si lazima mtu adanganye ili jibu liharibike; inatosha awe na nia yake. Nililijibu swali hilo vizuri sana. Nilitoa mifano. Kalamu ilikuwa inakimbia.

Jioni nilirudi, nikafunga kanga kiunoni, nikaingia jikoni moja kwa moja. Hakuna aliyenisemesha. Nilikoroga pilau ya harusi hadi mikono ikafa ganzi, huku wanawake wakinipitishia vitu bila kunitazama, kama mtu anavyompitishia kipofu. Shomari sikumwona kwa karibu hadi harusi ilipoisha na wageni wa Pangani walipoondoka. Ndipo Bi Mwanaidi alipokuja, mara hii bila sahani. Alikaa kwenye mkeka akalia kabla hajasema. Mume wangu alikuwa ameniacha, talaka moja, mbele ya mashahidi wawili.

Talaka moja, kwa msomaji asiyejua, si mwisho. Mwanamke anakaa eda katika nyumba ile ile, na ndani ya eda mume anaweza kumrejea kwa neno tu. Ni mlango ulioachwa wazi makusudi. Nilikaa eda yangu stooni, baina ya nazi na meza aliyonipigilia, nikienda kazini na kurudi, naye akilala dukani Mapinga. Bi Mwanaidi alikuja mara nyingi. "Mwombe radhi, mwali wangu. Nitume nikamwambie umeomba radhi."

"Kwa lipi? Kwa kusoma?"

"Kwa kumdhalilisha."

"Yeye ndiye aliyenikataza, mimi ndiye niliyemdhalilisha?"

Hapo alikuwa akinyamaza. Nimekirudia kimya kile mara nyingi tangu msibani. Alikuwa na nafasi, katika kimya kile, ya kuliweka kila kitu sawa kwa sentensi moja, na alikaa akitazama vidole vyake vyenye hina.

Matokeo yalitoka nikiwa bado ndani ya eda. Nilifaulu. Meneja aliagiza halua na chai, wachotaji wa chumvi wakanibeba juu ya benchi wakiimba kwamba wamefaulu wote, na ilikuwa kweli kabisa. Nilirudi nyumbani na habari ile kama mtu aliyebeba samaki mkubwa kwenye mji usio na moto. Bi Tatu alikuwa jikoni. Nilimwambia yeye kwa sababu hapakuwa na mwingine. Alipakua wali, akanisogezea sahani. "Hongera," alisema. "Sasa kaa ule karatasi yako na mboga." Kisha akaniongezea nyama, na hadi leo sijui ile nyama ilikuwa ya nini. Eda ikaisha, hakuna aliyesema neno, nikafungasha. Nilitia saini hesabu za kiwanda kwa miaka mingi, nikahamia Dar, nikawa na jina langu. Sikuolewa tena. Waliposa, nikawasikiliza washenga wao, nikawarudisha.

Sasa nirudi msibani. Baada ya alasiri, wanaume walipokuwa wakikusanyika barazani kwa ajili ya hitma, Shomari alikuja hadi mlango wa uani kutupa pole wanawake. Ana ndevu nyeupe, mke, na watoto wakubwa. Tumekuwa tukisalimiana vizuri kwa miaka yote hii. Nilinawa vitunguu nikamfuata pembeni, chini ya kivuli cha ukuta.

"Hujambo, Tunu. Pole. Alikuwa mama yako."

"Nimeshapoa. Pole nawe."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Kuna kitu nimetaka kukuuliza tangu zamani, naona aibu. Sasa mtu mwenyewe ameondoka. Siku ile ya mtihani wako. Kwa nini hukunisubiri?"

"Nikusubiri wapi?"

"Nilikwenda Mapinga usiku usiku kuchukua pikapu ya duka, nikupeleke. Nimefika nyumbani naambiwa umepaa. Nimesimama na ufunguo mkononi mbele ya wanawake wote wa harusi, na mama anasema, 'Mkeo kakimbia, na wewe umemletea gari.' Walicheka hadi wakalia."

Nilimwambia kwamba hakuna aliyeniambia habari ya pikapu. Nilimwambia kwamba alikuwa amenikataza.

"Mimi?" Shomari alisema. "Bi Mwanaidi alikuja dukani, akakaa juu ya mfuko wa saruji, nikamnunulia soda. Nikamwambia, mwambie aende, mama nitamtuliza mwenyewe, na nitampeleka. Nikamwambia na mengine, sasa mimi mzee, sitayasema. Nikakungoja uniambie asante. Siku zote zile. Hata asante, Tunu. Nikasema, basi mwanamke huyu ameshakuwa mkubwa kuliko mimi."

"Na kula peke yako? Na vitabu juu ya mto? Na watoto msikitini?"

"Vitabu, ndiyo, nilisema. Vilikuwa vinaniumiza kichwa nikilala." Alifikiri. "Hayo mengine labda mama."

Mtu alipita na sufuria, tukampisha. Nilitaka kumwuliza hayo mengine aliyomwambia Bi Mwanaidi pale dukani yalikuwa nini, na nikaona kwamba haki ya kuyauliza nilishaipoteza, au niliporwa, sijui neno gani ni sahihi. Yule ambaye angeweza kunijibu alikuwa ardhini tangu juzi. Shomari aliona uso wangu akasema kwa upole wake ule ule wa zamani, "Alitutakia mema. Aliogopa utatuacha. Tusimseme marehemu."

Muda huo huo mtoto mkubwa wa Bi Mwanaidi alisimama barazani na kusema yale yanayosemwa kila msibani: kama yupo anayemdai mama yetu ajitokeze, na kama yupo aliyekosewa naye, kwa kujua au kutojua, tunaomba amsamehe. Umati ukaitikia, nje na ndani, tumemsamehe. Shomari alikuwa bado mbele yangu. Aliitikia kwa sauti kubwa, "Tumemsamehe," na alipokuwa akilitamka alinitazama na kunitingishia kichwa, kama mume anayejibu kwa niaba ya nyumba yake.

Mimi sikuitikia. Mwanamke wa jirani alinigusa na kiwiko, akidhani sikusikia. Nilirudi kwenye beseni langu. Huenda iko siku nitamsamehe Bi Mwanaidi. Nilimpenda, na mtu hachoki kumpenda aliyemfuta machozi. Siku hiyo ikifika nitavaa buibui niende mpaka kaburini kwake nikamwambie mwenyewe.